Hatua kwenye Mashine ya Lesaro

Lesaro, kisiwa cha Merevag
9 Mei

Mzee Gavin,

Sanduku lako limefika na meli ya mbata. Kona moja imelowa, lakini vitu vyote ni vizima. Nilikuwa nimeanza kukuandikia "Mheshimiwa Bwana Treloar", wanafunzi wangu wakanikatiza: "Mwalimu, mtu aliyetugawia michoro yake bure si bwana huyo, ni mzee wetu." Basi umeshazeeshwa, kubali tu.

Tumefurahi, nisikufiche. Kile kipima-mitetemo cha kwanza tulicholetewa kilifungwa kwa skrubu ambazo bisibisi yake anayo mwenye kampuni peke yake. Kilipokufa tukakatazwa hata kukigusa. Tukakaa chini ya volkano kama vipofu mpaka fundi wao akaja kukichukua, na hakikurudi. Chako tumekianza kwa kukifungua. Darasa la nane wamelehemu nyaya wenyewe. Atkin ameungua kidole, anakionyesha kila anayepita kama nishani ya vita.

Tumekifukia nyuma ya kibanda cha shamba la baba yangu, nusu ya mlima, chini ya bamba la saruji. Redio inarusha habari mpaka zahanati ya Gaua, kisiwa jirani, na kutoka huko zinaingia mtandaoni, kila mtu duniani akitaka azisome. Sisi wenyewe ndio tunazisoma kwa shida, maana mnara wa simu wa hapa hufanya kazi unapojisikia.

Baba, Haggai, alisimama akatutazama tunavyohangaika na shimo. Akasema, "Kumbe mmeleta chombo cha kusikiliza tumbo la mlima. Na langu hili linalonguruma tangu asubuhi, nani atalisikiliza?" Mama akampa kipande cha kiazi kikuu.

La mwisho. Saa ya mashine ilikuwa ikichelewa kidogo kidogo kila siku. Nimeifungua programu yako nikakuta mstari wenye kosa. Rekebisho liko kwenye karatasi ya pili. Kama nimekosea, nicheke taratibu.

Ruvina Woleg
Mwalimu wa sayansi


Hobart
2 Juni

Mwalimu Ruvina,

Hukukosea. Mstari ule nimeupita miaka mingi bila kuuona, kama mtu asivyouona ukuta wa nyumba yake. Rekebisho lako nimeliweka mtandaoni, mahali pa wote, na jina lako juu yake. Watu wa Chile wameshalichukua, na wa Iceland pia. Mlima wao ukitikisika kwa saa iliyo sahihi, wakushukuru wewe.

Unauliza kwa nini sipokei simu. Masikio yangu niliyaacha karakana, kwenye mashine za migodi. Marehemu mke wangu, Moira, alikuwa akisema nimetengeneza chombo cha kusikiliza ardhi kwa kuwa kusikiliza watu kumenishinda. Hayupo tena wa kunisema. Kazi hiyo nakuachia wewe.

Sasa lawama, mbili tu. Ya kwanza: mwongozo unasema mashine ikae mbali na njia ya watu, kwa kuwa hatua zao ni kelele, zinachafua rekodi. Naona kila alfajiri kuna mtu anapita hapo kama askari wa zamu. Ya pili ni kubwa zaidi. Mlima ukianza kutoa majivu, paneli ya sola ifutwe. Ikifunikwa, betri haimalizi siku tatu, na itazima wakati mnaihitaji kuliko wakati wowote. Tafadhali waambie watu wote, wasije wakasahau.

Gavin Treloar


Luganville, kisiwa cha Santo
21 Julai

Mzee Gavin,

Naandika kwa mkono. Padri Hosea ataipiga picha barua hii na kukutumia kutoka ofisi ya kanisa, na jibu lako atanichapia.

Yaliyotokea uliyaona kwenye rekodi kabla yetu. Ulipowaandikia watu wa ofisi ya majanga, walimpigia chifu kwa redio, na chifu hakungoja kuambiwa mara mbili. Meli zilitukuta tumeshafunga mizigo. Siku iliyofuata mlima ulipasuka upande wa kaskazini, na nyumba za Lesaro ya juu hazipo tena. Hakuna mtu aliyekuwemo. Watoto wangu wa darasa la nane niliwahesabu mmoja mmoja gatini, wote wapo.

Ila baba amebaki.

Alitufikisha mpaka ufukweni. Akampandisha mama kwenye boti, akaanza kuisukuma. Nikamwambia, "Baba, panda."

"Na paneli nani ataifuta?"

"Baba, achana na paneli!"

"Si wewe uliyetusomea barua ya mzee wa Hobart kanisani? Chombo kikizima, mlima hausikiki. Usiposikika, serikali haitawarudisha hapa, watakuwa wanasema bado, bado. Kule Santo mtalima ardhi ya nani?"

Mama akamrushia maneno mbele ya watu: "Wewe mwanamume mkaidi kama dume la nguruwe!"

"Nisingekuwa hivyo, ungenipenda?" akamjibu. Akatupa kisogo, akashika njia ya mlimani akichechemea kwa ule mguu wake mbovu.

Mnara wa simu umeanguka. Redio ya chifu tulikuja nayo. Hakuna anayeweza kutuambia lolote isipokuwa wewe. Mashine inafanya kazi?

Ruvina


Hobart
23 Julai

Ruvina,

Inafanya kazi. Na baba yako yu hai.

Leo alfajiri, katikati ya ngurumo za mlima, nimeona mitetemo midogo, miwili miwili, ikikua kadiri inavyokaribia. Ikasimama. Kisha ikaondoka ikififia. Muda si mrefu umeme wa paneli ukapanda. Ni mtu amekuja, amefuta majivu, amekwenda zake. Mguu mmoja anaukanyagia kwa uzito kuliko mwingine. Jana alikuja vilevile, na juzi.

Nilikulalamikia juu ya kelele za hatua. Nalifuta lalamiko hilo.

Nimewaandikia watu wa majanga kwamba kuna mtu huko, wamtoe. Wanasema helikopta haiwezi kuruka ndani ya majivu, na meli haiwezi kutia nanga na bahari ilivyo. Wanangoja upepo ugeuke.

Gavin


Luganville
26 Julai

Mzee wetu Gavin,

Padri alisoma barua yako baada ya sala ya jioni. Hema zima likapiga kelele, hata watu wa kisiwa cha Ambae waliokuja kutuletea magimbi wakapiga bila kujua ni za nini. Mguu mzito ni wa kushoto. Gogo la mkwaju wa pwani lilimwangukia nikiwa mdogo.

Mama alingoja kelele ziishe. Kisha akasema, "Mwambie huyo mzee atege sikio vizuri. Mume wangu akikohoa, ni kifua, na dawa yake iko juu ya kenchi. Kama anaimba, basi ameingia kwenye kava ya shemeji yake, ile ya mizizi inayolevya, na nikirudi tutaongea."

Sasa kila jioni watu wanauliza, "Haggai amepita?" Wanauliza kabla ya kuuliza habari za mlima. Nakuomba uwe unaniandikia kila siku, hata mstari mmoja.

Ruvina


Hobart
27 Julai

Amepita. Sikusikia wimbo. Mwambie mama kava iko salama.

G.


28 Julai

Amepita mapema, na amekaa kwa muda. Nadhani alikuwa anapalia kitu, mapigo yalikuwa ya jembe. Mlima unatapika na yeye anapalia! Sijapata kukutana na baba yako, lakini nimeanza kumzoea.

G.


30 Julai

Jana barua haikwenda, mtandao wangu ulikatika. Amepita siku zote mbili. Leo amekuja polepole na kusimama njiani mara nyingi. Majivu yatakuwa mazito miguuni.

G.


1 Agosti

Amepita. Mlima umepandisha sauti. Nimewaandikia tena watu wa majanga.

G.


4 Agosti

Ruvina,

Mashine imezimika. Huenda ni redio, huenda ni betri. Sina tena njia ya kujua habari za baba yako. Nisamehe.

Gavin


Luganville
9 Agosti

Mzee Gavin,

Usijilaumu. Redio ile niliifunga kwa mikono yangu, na nakumbuka waya mmoja haukunipendeza. Lawama ni yangu.

Hapa kambini watu wameshaamua kilichotokea. Wanasema Haggai ameona majivu yamezidi, amevuka kwenda upande wa kusini kwa mashemeji zake, ambako kuna pango na chemchemi. Kwa hiyo paneli haikufutwa, na mashine ikazima. Mama ndiye aliyeanza maneno hayo. Kila jioni anatandika mkeka wa baba kando ya wake, anasema meli ikija usiku asije akakosa pa kulala. Mjomba Silas, kaka yake mkubwa, amemwambia chifu kwamba boti ya kwanza ikiruhusiwa, ielekee kusini.

Watu wanakuombea kwa jina kanisani. Padri hulitamka vibaya, lakini Mungu atajua ni wewe.

Mbona kimya? Huumwi?

Ruvina


Luganville
2 Septemba

Bwana Treloar,

Leo niliitwa ofisi ya majanga kuwasaidia kusoma rekodi, kwa sababu waliona jina langu kwenye programu. Dada mmoja pale, Annesly, alinikaribisha kiti na kufungua kompyuta. Nikamwambia mashine ya Lesaro ilikufa mwanzoni mwa Agosti.

Akanitazama. "Imekufa wapi, mwalimu? Haijazima hata siku moja. Mvua kubwa iliosha paneli. Ndiyo hii hapa, inaandika sasa hivi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwomba anirudishe nyuma mpaka tarehe tatu. Hatua za kwenda zipo. Za kurudi hazipo. Nikamwomba anifungulie tarehe nne, na tano, na zinazofuata, na yeye akafungua moja moja bila kuniuliza kitu, mpaka akanishika mkono.

Ulidhani sitaiona? Wewe uliyeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa michoro yako kwamba kilichopimwa ni mali ya wote? Mama yangu ametandika mkeka wa maiti mwezi mzima. Kambi nzima imekuombea wewe. Mimi nimejilaumu kwa waya ambao haukuwa na kosa lolote. Umetufanya wajinga kwa huruma yako.

Ile kampuni ilitufungia chombo kwa skrubu. Wewe umetufungia kwa kitu gani?

Nataka kujua ulichokiona tarehe tatu. Chote.

Ruvina Woleg


Hobart
3 Septemba

Ruvina,

Nitakuambia chote.

Alfajiri ile alikuja kama kawaida. Hatua zilisimama kwenye paneli, umeme ukapanda. Kisha kukawa na mshindo mkubwa, karibu kabisa na mashine. Haukuwa wa mlima, nimeulinganisha. Nadhani paa la kibanda lilishindwa na uzito wa majivu. Baada yake sikuona hatua tena.

Ila hakufa hapo hapo. Baada ya muda yakaanza mapigo. Mtu anagonga kitu kigumu: matatu, kimya, moja. Tena matatu, kimya, moja. Niliwaandikia watu wa majanga palepale, kisha nikaenda kwa jirani akawapigia simu kwa niaba yangu, maana mimi nisingewasikia. Helikopta ilipanda siku hiyohiyo. Majivu yakaigeuza njiani. Kesho yake ikajaribu tena, ikageuka tena. Waliniambia wasingeweza kuitangazia familia kifo ambacho hakuna aliyekiona.

Mapigo yaliendelea hadi kama adhuhuri. Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikiyatazama yakipungua nguvu. Kuna mtu anabisha hodi, na mimi niko ng'ambo ya bahari. Yalipokoma niliendelea kukaa.

Siku iliyofuata nilianza kukuandikia ukweli. Kila nilipofika kwenye neno paneli mkono ulikataa. Mimi ndiye niliyewaambia paneli ifutwe. Mimi ndiye niliyesema tafadhali wasisahau. Yeye hakusahau. Ningewezaje kuandika hilo kwa binti yake? Nikaandika kwamba mashine imezima. Neno hilo lilipotoka nikaona ni jepesi, nikaficha nyuma yake kila kitu. Ulipoandika kwamba unajilaumu kwa waya, hapo ndipo nilipopaswa kusema, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Nilisema moyoni nakulinda wewe. Nilikuwa najilinda mimi.

Rekodi ya tarehe tatu ni ya familia yenu. Ukitaka niiondoe hadharani, nitaiondoa leo.

Gavin


Lesaro
20 Oktoba

Gavin,

Serikali imeturuhusu kurudi upande wa chini. Rekodi ya mashine ndiyo iliyowashawishi kwamba mlima umetulia. Baba alisema kweli juu ya hilo.

Tulimkuta nyuma ya kibanda. Boriti ilikuwa juu ya miguu yake. Mlima ulikuwa umemfunika kwa majivu laini, kama mtu aliyevutiwa shuka, na uso wake haukuwa na jeraha. Tumemfunga kwenye mikeka aliyosuka mama yake mama, tukamzika kando ya mama yake mwenyewe. Kambi yote ilikuja, na watu wa kusini.

Rekodi usiiondoe. Nimewauliza wazee kwenye nakamal, nyumba yetu ya baraza, wakabishana mpaka kava ikaisha. Mjomba Silas alitaka mashine ing'olewe na kutupwa baharini. Mama akatuma neno kutoka nje: "Mume wangu amekufa akiilinda, leo wewe uitupe?" Mashine ikabaki.

Lakini wamesema neno jingine, na ni hili. Wewe ulikuwepo alipokuwa anakufa, na ni wewe peke yako uliyekuwepo. Mtu aliyekuwepo haandiki barua, anakuja. Uketi mbele ya mama na mbele ya wajomba zangu, useme kwa kinywa chako ulichokiona, na useme kwamba ulitudanganya. Lete mkeka mmoja. Nguruwe tutakununulia hapa, utatulipa. Watakukaripia sana. Kisha watakulisha.

Usilete vipuri.

Ruvina


Hobart
1 Novemba

Nakuja. Meli ya Luganville inaondoka tarehe kumi na nane. Sijui mkeka wa aina gani unafaa, nitanunua sokoni Santo na kumwomba Padri Hosea anichagulie.

Gavin


Lesaro
14 Desemba

Mzee Gavin,

Padri ameniambia umefika kwako salama na miguu yako imepona yale malengelenge. Atkin bado anakuigiza unavyopanda mlima, na mimi sijamkataza.

Mjomba Silas anakusalimu. Aliyokurushia siku ile mengine hukuyasikia, nilikuona unavyotega sikio baya, na ni afadhali. Alikuwa analia huku anatukana. Baadaye alipokupa paja la nguruwe kwa mkono wake, mambo yalikuwa yamekwisha. Kwetu yakiisha yameisha. Hakuna mtu hapa atakayekuuliza tena.

Mashine ya pili tumeifunga upande wa kusini, na hii nimeilehemu mwenyewe kwa sehemu zilizobaki. Kwenye mwongozo nimeongeza ukurasa: kabla ya kufukia mashine, anayeifunga na wenye mahali wakubaliane nani ataambiwa, na ataambiwaje, siku mashine itakapoonyesha mtu badala ya mlima. Usome. Kama Kiingereza changu kimepinda, kinyooshe, lakini maana usiiguse.

Nakuandikia hasa kwa sababu ya mama.

Unakumbuka alivyoondoka. Ulikuwa umefika kwenye mapigo, nawe ukapiga sakafu ya nakamal kwa kiganja ili watu waelewe: matatu, kimya, moja. Akainuka akatoka nje. Ukanigeukia na uso wa mtu aliyevunja kitu cha wenyewe. Usiku ule hukula, na ulipopanda meli bado ulikuwa umeubeba uso huo. Nilimuuliza mama mara kadhaa, akawa ananiambia, "Niache kwanza."

Jana tulikuwa tunamenya magimbi, yeye na mimi. Akasema bila kunitazama, "Yule mzee wako anadhani Haggai alikuwa anaomba msaada."

Nikamwambia, "Si ndivyo, mama?"

"Sivyo. Wewe ulikuwa shuleni mjini Vila miaka ile, huwezi kujua. Shamba letu la juu na lile la chini hayaonani. Wanawake tulikuwa chini, na yeye juu. Akimaliza kazi anagonga mti wake wa kuchimbia juu ya jiwe. Matatu, ananyamaza, moja. Maana yake: mimi nimemaliza, nyie tangulieni nyumbani, msiningoje."

Akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Alijua kile chombo kinasikia. Na alijua sisi ndio tutaambiwa."

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema palepale mbele ya watu. Akanisoma usoni. "Neno lile lilikuwa langu," akasema. "Nimekaa nalo kwanza. Sasa mwandikie, naye alale."

Ndiyo nimekuandikia, kama alivyoniambia. Sikuongeza wala sikupunguza.

Ruvina